Kilomita Thelathini na Mbili

Mwanawe wa mwisho ana gari jipya, lile la kuwashwa kwa kubonyeza kitufe. Anafanya kazi kwenye mji uleule wa viwanda vya mbao ambako marehemu baba yake alikuwa akipakia mizigo, na kila akija kumwona mama yake hasahau kujisifu kabla hata hajavua viatu.

"Mama, leo nimetumia saa mbili na nusu tu."

Mama yake humtazama juu ya miwani, hukata uzi kwa meno, humjibu, "Sasa umeniwahi. Maji bado ya baridi."

Kijana hucheka, hudhani ni utani wa wazee. Si utani. Mama huyu aliishi na saa ya ukutani kwa miaka thelathini, na barabara ile ya kilomita mia mbili na themanini anaijua kuliko wengi wanaoipita, ingawa ameisafiri mara nne tu maishani mwake. Aliijua akiwa amekaa nyuma ya cherehani.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Ameshona sare za watoto ambao leo wanamletea vipimo vya watoto wao, na bado anawakumbuka kwa viuno vyao vya zamani, jambo ambalo halimfurahishi kila mtu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao, naye mtaa ulimwita Sabini, kwa sababu lori lake lilipofika kilomita sabini kwa saa lilikuwa limemaliza maneno yake yote. Lisafiri tupu, sabini. Lisafiri na mzigo kwenye tambarare, sabini. Siku ya harusi yake mwenyewe alitoka na lori lile kutoka kiwandani, akachelewa, na alipoulizwa akasema kwa utulivu kwamba alikuja sabini njia nzima, angefanya nini tena.

Kosa halikuwa la injini. Lori lile lilizaliwa kwa kazi ya milimani. Kule nyuma kwenye difu, kati ya tairi za nyuma, meno ya gia yalipangwa hivi kwamba ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi ilibidi izunguke mara saba ndipo tairi lizunguke mara moja. Hiyo ni nguvu ya kupandisha magogo mlimani, si mwendo wa kukimbizana na mabasi. Ukifika sabini injini imeshazunguka hadi mwisho wake, na ukikanyaga zaidi unapata kelele tu.

Haya yote Fundi aliyajua kwa sababu ya cherehani. Mwaka wa tatu wa ndoa yao, lile gurudumu dogo la juu, linalovutwa na mkanda kutoka gurudumu kubwa la chini, lilipasuka. Mhunzi wa sokoni akamwekea jingine kutoka mashine nyingine, kubwa kuliko lile kwa vidole viwili. Fundi akashona wiki nzima, akajikuta yuko nyuma ya kazi, magauni ya watu yanalala mezani. Akamwambia mumewe kwamba huenda amechoka, au ni mimba. Sabini akainama chini ya meza, akatazama, akatoka huko anacheka.

"Hujachoka, mke wangu. Zamani ukikanyaga mara moja sindano ilikuwa inachoma mara nne. Sasa inachoma mara tatu. Mguu wako unahesabu kukanyaga tu, haujui kazi iliyotoka upande wa pili."

Akamchorea kwa chaki sakafuni: gurudumu kubwa, gurudumu dogo, mkanda. Halafu akamchorea lori: giaboksi, mita, difu na tairi. Walikaa chini pale mpaka mchana ukaisha. Wanawake wengine wameimbiwa mapenzi. Yeye alichorewa meno ya gia, na anasema mpaka leo hajutii. Mimba, kwa taarifa yenu, ilikuwepo pia.

Basi maisha yao yalikwenda kwa hesabu hiyo. Sabini alikwenda kiwandani leo, akalala huko, akarudi kesho. Saa nne kamili asubuhi alitoka na mzigo, chai yake kwenye chupa, hasimami njiani. Mia mbili na themanini kwa sabini ni saa nne. Saa nane kasorobo Fundi aliteleka maji. Saa nane kamili lori lilizimwa langoni, mlango wake ukabamizwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haukufungika, na chai ilikuwa inamiminwa. Hakukuwa na simu, wala hazikuhitajika. Watoto walijifunza kusoma saa kwa kumngojea baba yao.

Sasa, mwaka ambao binti yao mkubwa alimaliza shule, tairi za lori zilikwisha kabisa. Tajiri mwenye lori alitafuta saizi ileile akaikosa, akanunua tairi ndogo kidogo pamoja na rimu zake, kutoka kwenye lori lililokuwa likikatwakatwa. Sabini alifurahi kupita kiasi. Ule mlima mmoja wa njiani, ambao alizoea kuupanda kwa gia ya pili akinong'ona na injini, sasa aliupanda kwa gia ya tatu.

"Lori limerudi ujanani," alisema. Akaleta tairi moja kuukuu nyumbani, mkewe akaliweka uani na kulitumia kuwekea beseni la kufulia.

Wiki ileile alianza kuchelewa.

Hakuchelewa sana. Alifika saa nane na dakika ishirini na nane. Safari iliyofuata, ishirini na saba. Iliyofuata tena, ishirini na nane. Fundi alitazama maji yakichemka, yakapungua, akaongeza mengine. Wiki ya pili alisema labda mzigo. Wiki ya tatu aliuliza.

"Siku hizi unapita wapi?"

"Nipite wapi? Barabarani."

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa nne. Na mshale uko sabini njia nzima. Vijana wananipita tu, hawana adabu barabarani siku hizi."

Ingekuwa mwanamke mwingine pengine angenyamaza. Fundi alikuwa mtu wa vipimo. Alfajiri iliyofuata, mumewe akinawa uso, alipanda kwenye lori kwa kisingizio cha kuweka chupa ya chai, akasoma kilomita kwenye mita. Mumewe aliporudi kesho yake, akasoma tena. Kwenda na kurudi siku zote ilikuwa mia tano na sitini. Sabini mwenyewe alizoea kuitaja namba hiyo kwa majivuno, kwamba haizidi wala haipungui. Safari hii ilikuwa mia sita ishirini na nne.

Ukigawa kwa mbili, unapata kilomita thelathini na mbili za ziada kila upande.

Na hapa ndipo moyo wake ulipozama. Katikati ya barabara ile kuna njia panda. Ukikata kushoto, kilomita kumi na sita, unafika mji mdogo, na katika mji ule aliishi mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wa Sabini kabla ya kuolewa kwingine na kufiwa. Kumi na sita kwenda, kumi na sita kurudi, thelathini na mbili. Mwanamke yule alikuwa na duka la vitambaa. Hilo la vitambaa, Fundi husema mwenyewe, ndilo lililomkera zaidi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikukaa sawa, naye aliliona usiku uleule. Kilomita thelathini na mbili kwa mwendo wa sabini ni dakika ishirini na saba na kidogo. Maana yake mumewe anakata kushoto, anafika kwa yule mwanamke, anageuza lori zima la mbao, anarudi, bila hata muda wa kuulizana hali. Mwanamume gani anachepuka kwa namna hiyo? Lakini wivu ukishaingia hauna aibu. Ulimwambia labda anampa vitu dirishani.

Alimngojea safari mbili zaidi, namba zikawa zilezile, kisha akaziandika zote kwenye karatasi, akamwekea mezani badala ya sahani.

"Hizi thelathini na mbili ni za wapi?"

Sabini alizitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kutazama mshale wa mwendo tu. Kilomita alikwisha kuacha kuzisoma miaka mingi. Alipanda kwenye lori, akashuka, akasimama mlangoni.

"Mita imezeeka," alisema.

"Imezeeka, lakini kila siku inakosea sawasawa?"

Angepiga kelele, angekasirika, Fundi angejua la kufanya. Yeye alibaki na uso wa mtu aliyekamatwa, kwa sababu namba zilikuwa za kweli na yeye hakuwa na maelezo yake. Baadaye alisema polepole, "Labda mimi ndiye nimezeeka. Labda nasinzia njiani na sijui." Mkewe aliona huo ni uongo wa kitoto, akamgeuzia mgongo. Walilala hivyo siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Watoto walikuwa likizo kwa bibi yao. Fundi alikwisha kumwandikia dada yake, na mwenye gari la mizigo alikwisha kuambiwa aje saa tisa alasiri. Aliichagua saa hiyo makusudi. Mumewe angefika saa nane na nusu, na yeye hakutaka kuondoka kama mwizi; alitaka aonekane akiondoka. Alikunja nguo zake, akafunga mkasi na pasi kwenye shuka, akaitoa mashine juu ya meza yake, akaifunga kamba ya katani mara tatu, mafundo juu, tayari kubebwa. Mkanda wa ngozi ulikuwa umebaki mkononi mwake, na yale magurudumu mawili yako wazi mbele yake, kubwa la chini na dogo la juu.

Alilitazama lile dogo, lile la vidole viwili vya ziada. Halikuwa la asili. Akakumbuka ile wiki aliyodhani amechoka, na mumewe akiwa chini ya meza anacheka. Mguu wako unahesabu kukanyaga tu.

Fundi alikaa chini sakafuni, akiwa na mkanda mapajani. Mita ya lori inapata habari zake wapi? Mumewe alimchorea pale pale, kwa chaki. Kutoka kwenye giaboksi. Inahesabu mizunguko ya shafti, basi. Haijui nyuma kumefungwa tairi gani.

Aliondoa beseni juu ya tairi kuukuu, akalisimamisha kwa shida, akalitia alama moja kwa chaki ya kushonea, na nyingine chini ya ile kwenye sakafu ya ua. Akalisukuma taratibu mpaka alama ya tairi ikarudi chini. Jirani yake alikuwa amechungulia juu ya ukuta.

"Dada, umerudi utotoni?"

"Acha nicheze," alisema Fundi. Akaweka futi yake ya kupimia nguo, ya sentimita mia moja na hamsini, mara mbili nzima, na arobaini juu yake. Mita tatu na arobaini.

Saa nane na dakika ishirini na nane lori lilifika. Sabini alishuka akiwa ameinamisha kichwa, mtu anayerudi nyumbani kusutwa. Akamkuta mkewe langoni ana chaki.

"Usizime," alimwambia. "Rudi juu. Nikikwambia songa, songa taratibu. Nikikwambia simama, simama."

Hakuuliza. Miaka yote ya ndoa alikuwa akiambiwa asimame wima achukuliwe vipimo, akasimama. Fundi alitia alama kwenye tairi la nyuma na nyingine ardhini. Lori likasonga, alama ikapanda, ikapotea juu, ikashuka upande wa pili, ikagusa chini. Akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. Futi mara mbili, na sentimita tano.

Alipima tena. Mara mbili, na tano.

Kila mzunguko ulikuwa umepungua sentimita thelathini na tano. Alichukua karatasi ya kukatia mitindo, akapiga magoti langoni, akaanza kugawa na kuzidisha, naye Sabini amesimama nyuma yake anashika kofia. Kwa tairi lile jipya, kuja nyumbani ilitaka mizunguko elfu tisini na moja na mia nane na ushei, na mita ya zamani ilikuwa bado inauhesabu kila mmoja kuwa mita tatu na arobaini. Jibu lilikuja mia tatu na kumi na mbili. Toa mia mbili na themanini.

"Thelathini na mbili," alisema Fundi.

Sabini alichukua karatasi. Alikuwa mzito wa kugawa lakini gia alizijua, na uso wake ulibadilika kabla hajafika mwisho wa mstari.

"Kwa hiyo mshale ukisema sabini..."

"Unakwenda sitini na tatu, tena kasoro. Difu ni ileile, injini imefika mwisho kama zamani, ila tairi linakupa barabara kidogo kila likizunguka. Ndiyo maana mlima umekuwa rahisi. Ndiyo maana vijana wanakupita." Akainuka, akajifuta vumbi magotini. "Hukuzeeka. Wala hukwenda popote."

"Nilikwambia sikwenda popote."

"Ndiyo, uliniambia."

Na safari hii pia mimba ilikuwepo, alisema Sabini siku nyingi baadaye akisimulia wenzake, lakini huo ulikuwa uongo wa kunogesha. Ukweli ni kwamba walisimama pale langoni na hakuna aliyejua aanzie wapi. Ndipo gari la mizigo lilipotokea kwenye kona, limewahi dakika kumi, na dereva wake akatoa kichwa.

"Mama, mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo," alisema Fundi. "Ingia unywe chai." Yule bwana alisema hana muda, akageuza.

Sabini aliingia ndani kunawa, na mkewe alipomfuata alimkuta amesimama mbele ya cherehani iliyofungwa kamba. Alikuwa akiitazama kama atazamavyo ajali ya wenzake barabarani.

"Hii mbona imefungwa?"

"Nilikuwa nafagia chini yake."

Aliinama, akafungua kamba, fundo moja baada ya jingine, bila haraka. Akainyanyua mashine akairudisha mezani, akavalisha mkanda, akalizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikapanda na kushuka. Kisha akaikunja kamba ile na kwenda nayo kwenye lori, akisema kamba ya kufungia turubai imeoza. Wakanywa chai. Fundi anakumbuka kwamba alitaka kumwomba radhi siku ile, akashindwa, akamkaangia mayai manne.

Tairi za zamani hazikupatikana tena, na tajiri aliridhika na mlima. Kwa hiyo lori halikubadilika. Aliyebadilika ni Fundi, aliyeanza kuteleka maji saa nane na robo. Mtaa uliendelea kumwita Sabini. Mkewe peke yake, mlango ukifungwa, alimwita Sitini na Tatu, na Sabini alikuwa akijifanya amekasirika. Hiyo ndiyo miaka anayoililia hata leo, ile ya nusu saa ya ziada, ambapo alishona pindo moja zaidi akijua kabisa kwamba mtu wake yuko njiani na yuko wapi.

Ilikwenda hivyo miaka kumi na minne. Siku aliyostaafu, Sabini alikabidhi funguo kwa tajiri, akapewa lifti na gari dogo la ofisini, akafika nyumbani saa saba na nusu, mapema mno. Maji yalikuwa bado kwenye ndoo. Alikaa mezani kama mgeni, akatoa kitu kwenye mfuko wa koti na kukiweka mbele ya mkewe. Ilikuwa kamba ya katani, imechakaa, imekunjwa vizuri.

"Kamba yako," alisema. "Za turubai wameweka mpya."

Fundi aliitazama muda mrefu. Alidhani amekwisha kuisahau.

"Ulijua?"

"Kufagia chini ya cherehani hakuhitaji kutoa mkanda."

"Miaka yote hiyo. Mbona hukusema?"

Sabini aligeuza kikombe kitupu mezani. "Niliogopa. Kila nilipofunga mzigo kwa hiyo kamba nilisema moyoni, ikiwa huku kwangu, haiko kule nyumbani." Kisha akasema, "Na ulipima. Ulikuwa umeshafunga kila kitu, ukatoka nje ukapima."

Fundi alilia, naye si mtu wa kulia. Aliomba radhi ile ya miaka kumi na minne, yote, bila kuchagua maneno, na mumewe akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo, na Fundi akainuka kuteleka maji.